Mwende na Rejeta ya Lori la Maji

Vijana wangu, nyinyi mnaofungua gereji za Kitengela asubuhi mkiwa na simu inayowaonyesha picha ya kila nati, leo nataka niwaambie habari ya kitu ambacho hakuna mteja huja kukiulizia. Mtu atakuja na shida ya injini. Atakuja na breki, na giaboksi, na taa. Sijawahi kuona mtu ameamka akasema, leo napeleka gari likaangaliwe braketi ya rejeta. Ni kipande cha chuma tu, kimekunjwa, kina tundu la bolti, na kazi yake ni kuishika rejeta isitembee. Ikilegea haikuzimii gari siku hiyo. Inaanza kugonga polepole, ka, ka, ka, ukipita kwa matuta. Dereva anaongeza sauti ya redio na maisha yanaendelea.

Mimi nimeweka spana chini. Mgongo ndio uliotoa uamuzi, mimi nilikubali tu. Siku hizi nakaa nyumbani Noonkopir nikisikiliza magari yakipita, na mke wangu amenikataza kutaja magonjwa yao tukiwa mezani. "Hiyo ni beringi," nasema. "Kula chakula," ananijibu.

Nilipokuwa bado nafanya kazi upande wa Ngong, kabla sijahamia Kitengela, kuna mwalimu mmoja wa Embulbul aliyeletewa taabu na hiyo braketi. Alifika kwetu amevaa suti safi na shati jeupe, lakini shingo tupu. Nikafungua boneti. Rejeta ilikuwa imefungwa kwa tai nyekundu, fundo zuri kabisa, kama la arusi. Ncha ya tai feni ilikuwa imeitafuna.

"Mwalimu, hii ni nini?"

"Ilikuwa inagonga, na mimi nilikuwa nachelewa mkutano. Ningefanya nini?"

Tulicheka mpaka mafundi wa upande wa pili wakaja kuona. Lakini nimemfikiria mara nyingi baadaye, na kila nikimfikiria namheshimu zaidi. Yule mtu alisikia kelele akasimamisha gari. Akafungua, akaona, akatumia alichokuwa nacho. Magari mengi yaliyoletwa kwetu yakivutwa kwa kamba, rejeta imekatwa na feni kama kabichi, wenyewe walikuwa wamesikia kelele hiyo hiyo na hawakusimama.

Sasa Mwende.

Nilipopanga sehemu yangu Kitengela, nilimkuta amenitangulia. Kibanda chake cha mabati kilipakana na changu. Alikuwa amejifunza kazi kwa mjomba wake Machakos, na alifanya rejeta peke yake: kuzibua, kuziba panapovuja, kuzirudisha kwenye gari. Ukimletea injini anakuelekeza kwangu. "Kyalo ndiye wa injini," anasema, "mimi nashughulika na maji." Alikuwa mrefu, sauti kubwa, kicheko kikubwa zaidi, na mikono yenye alama za moto wa kulehemu. Kwa miaka mingi tulikula chakula cha mchana tumekaa juu ya tairi moja, na sikumbuki siku niliyoondoka hapo bila kujifunza kitu.

Mwende alikuwa na namna yake ya kupima rejeta iliyolegea. Kwanza injini izimwe na ipoe. Wengi wenu mnaanza kwa kufungua kifuniko gari likiwa bado linachemka, halafu mnakuja kutuonyesha mkono ulioungua kana kwamba ni sisi tuliouchoma. Ikishapoa, anaishika rejeta kwa juu kwa mikono miwili na kuitikisa, mbele na nyuma, kisha kulia na kushoto, huku amefumba macho. Nilimuuliza mbona anafumba. Akasema macho yanakimbilia pale palipovunjika, na palipovunjika si lazima pawe ndipo palipoanza.

Nilidhani ni maneno tu, mpaka Parsaloi alipotuletea lori lake.

Ulikuwa ni ule ukame mbaya, ambao hata nyinyi mnaukumbuka. Mizoga ya ng'ombe ilikuwa kando ya barabara ya Namanga, na upepo ulileta harufu hadi mjini. Parsaloi alikuwa na lori kuukuu lenye tangi, na kila siku alijaza maji Kitengela akayapeleka kwa maboma ya kwao, ndani kabisa, ukishapita mji wa Kajiado na kuacha lami. Alikuwa mtu mzima mwembamba, mpole, macho mekundu kwa vumbi na kukosa usingizi. Alisimamisha lori mbele ya vibanda vyetu, injini ikinguruma, tangi limejaa.

"Supa, mafundi. Mama, hii rejeta inacheza. Braketi ya juu imechomelewa mara ya tatu sasa, na bado inakatika. Nikazie tu niende."

Mwende alimwambia azime. Tukangoja ipoe. Akaitikisa, macho amefumba, akaitikisa tena. Akachukua tochi akachungulia chini, lakini mbele ya miguu ya rejeta palikuwa na bamba la chuma lililozuia asione.

"Kuna kitu huku chini sijakiona," akasema. "Niachie gari mpaka jioni niinue rejeta."

"Mama, jioni siwezi. Ndama wanakufa."

"Nakuelewa. Lakini nikikaza hapa juu peke yake haitakaa."

Parsaloi aliangalia barabara. Sitasahau uso wake. Hakuwa mkaidi, alikuwa tu mtu aliyebeba watu wengi kichwani. Mwende naye aliona. Akakaza bolti, akaongeza nati ya pili ya kuifunga ya kwanza, akampa namba yake ya simu.

"Endesha polepole. Ukisikia imeanza tena, simama hapo hapo. Usiseme nitafika. Simama."

Kesho yake, jua limeshapanda, simu ya Mwende ikalia. Alisikiliza, akasema, "Umefanya vizuri kusimama. Usiguse kitu, tunakuja." Akaanza kupakia mfuko: spana, jeki ndogo, msumeno wa chuma, drili ya kuzungusha kwa mkono, tupa, bolti za kila namna na pete zake zinazoitwa washa, na vipande vya tyubu ya tairi. Mimi nilikuwa na gari la mteja limefunguliwa kifua, lakini nililifunika turubai nikamfuata. Tulifika Kajiado mjini, tukachukua pikipiki mbili, tukaingia barabara ya udongo. Njia nzima nilikuwa natengeneza kichwani hotuba ya kumpa Parsaloi, kwamba aliambiwa na hakusikia.

Tulimkuta amekaa kwenye kivuli cha lori lake, mahali pasipo na nyumba wala mti wa maana. Alisimama, akafungua mdomo kuomba msamaha. Mwende hakumpa nafasi. "Supa, baba. Umesimama vizuri sana, feni haijagusa rejeta. Una maji ya kunawa?" Basi. Hotuba yangu niliimeza pale pale, na sijawahi kuihitaji tena. Maneno ya "nilikwambia" hayakazi bolti.

Braketi ya juu ilikuwa imekatika vipande viwili. Rejeta imelala nyuma, na kati yake na feni ungepitisha kidole kimoja tu. Mwende akafungua lile bamba la chini, akalala kwenye vumbi na tochi yake.

"Kyalo, njoo uone."

Nikalala kando yake. Miguu ya rejeta ilikuwa imekaa moja kwa moja juu ya chuma cha chasi. Mipira inayopaswa kuwa katikati haikuwepo. Aliyeipachika rejeta ile mara ya mwisho, popote alipokuwa, aliirudisha bila mipira.

Elewa hapo, kijana. Rejeta haifungwi kama unafunga lango. Chasi ya lori hujikunja kwenye barabara mbaya, huku kunapanda na huku kunashuka, na rejeta ni kitu laini. Inataka kushikwa imara na bado ipewe nafasi ndogo ya kupumua. Nafasi hiyo ndiyo mpira. Ukiondoa mpira wa chini, kila shimo la barabara linapanda hadi juu na kuipiga braketi. Mafundi watatu waliichomelea braketi ya juu kwa chuma kinene zaidi na kinene zaidi. Kazi yao ya moto ilikuwa nzuri, niliiona. Walikuwa wanatibu mahali penye kilio.

Mwende alikunja kipande cha tyubu mara nne, akakibana kwa vidole, akatikisa kichwa. Chepesi mno. Kingekaa saa moja kisha kikapondeka. Alitaka mpira mnene wenye nyuzi ndani, mpira wa tairi. Lori lilikuwa na tairi la akiba, lakini ni zima, na katika njia ile huwezi kukata tairi zima.

Wakati huo ndipo ng'ombe walipokuja.

Walinusa maji kutoka mbali. Walikuja kama hamsini au zaidi, mbavu nje, wakitembea ule mwendo wa mnyama asiye na nguvu ya kukimbia lakini asiyeweza kusimama. Nyuma yao alikuwa mama mzee aliyevaa shuka la bluu, fimbo mkononi. Mwanawe alikuwa amepeleka kundi lingine mbali kutafuta nyasi, akamwachia hawa. Ng'ombe wa kwanza aliegemea tangi, wa pili akaegemea wa kwanza, na lori likayumba.

Mwende alikuwa amerudi chini kupima nafasi ya mpira, mkono wake mmoja kati ya rejeta na chasi, na rejeta imesimama juu ya ubao na jeki ndogo.

"Kyalo!" akaita. Mara moja tu.

Mimi na Parsaloi tuliwarukia ng'ombe, tukisukuma, tukipiga kelele, na lori likazidi kuyumba, maana tulizidi kuwatia wazimu. Yule mama mzee hakupiga kelele. Alitembea hadi kati ya lori na kundi, akainua fimbo, akaanza kuwaita ng'ombe kwa majina, mmoja mmoja, kwa sauti ya chini kama anayeongea na watoto wakati wa kulala. Kila aliyetajwa aligeuza kichwa. Dume kubwa jekundu lililokuwa limekaza kichwa kwenye tangi lilipumua, likarudi nyuma. Wengine wakalifuata. Akasimama pale, mgongo kwetu, akiendelea kuongea, na kundi lote likasimama mbele yake likimtazama.

Nimeona watu wakisimamisha vitu vikubwa kwa mashine. Sijaona tena kitu kama kile.

Mwende alitoa mkono wake, ukiwa mzima. Alikaa kitako, akavuta pumzi, akaweka mawe nyuma na mbele ya kila tairi la lori, jambo ambalo sisi sote tungelifanya mapema kama si haraka. Kisha akaenda kumshukuru yule mama. Na alipoinamisha kichwa kumsalimu, kama ilivyo heshima ya huko, macho yake yakaangukia miguu ya yule mama. Mama alikuwa amevaa akala, vile viatu vya tairi.

Parsaloi alitafsiri, maana Kiswahili cha yule mama kilikuwa kidogo. Alikuwa anaitwa Koko Nampaso, yaani Bibi Nampaso. Mwende alieleza anachotaka na kwa nini, pole pole, akionyesha kwa viganja vyake jinsi rejeta inavyokaa na jinsi mpira unavyoibeba. Koko alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja, na Parsaloi akacheka kidogo.

"Anauliza, kiatu cha kulia au cha kushoto?"

"Chochote, Koko. Kimoja kinatosha."

Akavua cha kulia akampa.

Angalieni Mwende alivyofanya, maana hii ndiyo kazi yenyewe. Alikata ile akala sehemu mbili, ya kisigino na ya mbele, akazilainisha kingo kwa tupa, akatoboa kila kipande tundu la kupitisha pini ya mguu wa rejeta. Akainua rejeta kwa jeki, taratibu, ubao katikati ili chuma kisiguse tangi dogo la chini la rejeta, huku mimi nikitazama mipira ya maji isivutike. Akatelezesha kipande kimoja chini ya kila mguu. Akaishusha. Rejeta ikakaa.

Kwa braketi ya juu hatukuwa na umeme wa kuchomelea, na Mwende akasema hata ungekuwepo asingeutaka. Alikata chuma bapa kutoka kwa bawaba ya sanduku la vyombo la lori, akakikunja kwa nyundo juu ya jiwe, akakitoboa kwa drili ya mkono. Hapo tulipokezana, maana drili hiyo inakula mabega. Akakifunga kwa bolti, kipande cha tyubu huku na kipande huku, washa pana, nati mbili. Alikaza huku anautazama mpira. "Ukivimba pembeni umezidisha," akaniambia. "Ukizunguka na bolti, bado. Ukitulia, acha." Niliwahi kusoma vitabu vya ufundi ambavyo vilitumia kurasa kadhaa kusema hivyo.

Parsaloi muda huo wote alikuwa akiwatazama wale ng'ombe, nao wakitazama tangi lake. Maji yale yalikuwa ya watu wengine. Mwishowe aliondoka kando na simu, akaongea Kimaasai kwa muda, akasikiliza, akaongea tena. Akarudi. Alishusha nusu pipa lililokuwa nyuma ya lori, akaliweka chini ya bomba, akafungua. Koko Nampaso akaanza kuwaleta kwa zamu, ndama kwanza.

"Wale wenye maji huko mbele wamesemaje?" nikamuuliza.

"Wamesema hata wao wana mama."

Tulisimama tukisikiliza sauti ya ng'ombe wakinywa. Kama hujawahi kuisikia wakati wa kiangazi siwezi kukueleza.

Tulipokuwa tunarudisha vyombo kwenye mfuko, Koko alikuwa anajiandaa kurudi kwake, mguu mmoja na akala, mwingine mtupu, na ile nchi imejaa miiba ya mgunga. Alikuwa ameshapiga hatua kadhaa. Mwende akamwita. Akakaa kwenye ngazi ya lori, akavua viatu vyake vya kazi, vizito, vyeusi kwa oili, akapiga magoti akamvisha yeye mwenyewe. Vilikuwa vikubwa. Akajaza vipande vya kitambaa kwenye ncha, akafunga kamba mara mbili. Koko alitembea mbele, akarudi, akajitazama, akasema kitu kirefu, akacheka mpaka akashikilia fimbo.

"Anasema sasa ng'ombe watamwogopa," Parsaloi akatafsiri. "Na anasema ashe oleng, asante sana. Anasema Mungu akuone."

Tukaondoka, sisi watatu mbele, Mwende dirishani, miguu mitupu. Baada ya kipande kifupi cha mashimo akamwambia Parsaloi asimame. Mpira mpya hukaa chini kidogo baada ya mwendo wa kwanza, na bolti hulegea pamoja nao, kwa hiyo usipoikaza tena mapema kazi yako yote ni bure. Hilo liandikeni mahali. Nikamwambia, "Kaa, nitashuka mimi, wewe huna viatu." Alikuwa ameshashuka. Alikanyaga mawe yale ya moto akichagua pa kuweka mguu, akafungua boneti, akaishika rejeta kwa mikono miwili, akafumba macho. Akaongeza robo ya mzunguko. Akarudi ndani akitoa mwiba kisiginoni.

"Twende," akasema.

Tulifika kwa maboma jua limeanza kulegea. Wanawake walikuwa wamepanga mitungi ya njano mstari mrefu, na hakuna aliyeuliza mbona maji yamepungua. Mzee mmoja alikuja kutusalimu, akaona Mwende hana viatu, akauliza. Parsaloi akaeleza kwa Kimaasai, akionyesha rejeta, akionyesha kule tulikotoka. Maneno yalipita kwa ile foleni, nikawa naona vichwa vikigeuka. Mama mmoja akatoka na kigoda akakiweka mbele ya Mwende. Mwingine akaleta beseni, maji kidogo tu, vikombe viwili hivi, katika kiangazi kile. Akapiga magoti kumwosha miguu. Mwende alikataa, akamshika mikono, akamwambia maji hayo ni ya mtoto. Yule mama akamjibu kwa Kiswahili safi, "Mtoto ameshakunywa. Lete mguu."

Na Mwende aliutoa mguu.